Hesabu Hadi Sitini

Kimya kingi kina mshindo, tulifunzwa kwetu.
Hiki changu hakikuwa nacho.
Kulungu dume amesimama kando ya mierebi,
mvuke unamtoka puani. Nikavuta.
Ta.
Basi. Kama kifungo kilichodondoka kwenye saruji.

Ikigoma usifungue, Lorne alikuwa akinambia.
Mtutu uache pale pale ulipoelekea, hesabu hadi sitini,
maana ziko fataki hupitiwa na usingizi, kisha zikaamka.
Nikahesabu kwa Kiswahili.
Nilipofika thelathini na tisa kulungu alishakwenda zake,
bila haraka, kama mteja aliyekuta duka limefungwa.

Katika kumi nilizobeba, nne ziligoma.
Nne katika kumi si mkosi, ni ugonjwa.

Usiku, Arborg, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Gereji, hita, kiti chake chenye godoro la sponji.
Walter Hryshko wa nyumba ya pili akaja na theluji mabegani,
akasema ni springi, grisi ya zamani huganda.
(Mimi nikawaza samli.)
Nikalichomoa komeo, nikaliosha kwa petroli
mpaka pini ikang'aa kama sindano ya cherehani.

Asubuhi, nyuma ya ghala, nikazirudia zile nne.
Zote zikalia kwa pigo la pili.
Basi si baruti, akasema Walter. Wala si unyevu.
Akaondoka kwenda kulisha ng'ombe, akaniachia swali.

Kinacholia kwa pigo la pili
kilikuwa hakijakaa.
Pigo la kwanza lilikuwa la kukisukuma tu, kifike kwake.

Nikaweka kioo juu ya meza ya kazi,
nikazisimamisha zilizobaki, kitako chini, moja moja.
Za boksi la Machi zilitulia.
Za Agosti ziliyumba.
Nikapitisha kidole gumba kwenye vitako:
fataki imechomoza, kipele kidogo,
unene wa ukucha labda, si zaidi.

Daftari lake lina safu nne:
tarehe, uzito, matokeo, sababu.
Machi, hati ndogo, kavu, ya mtu wa posta.
Agosti mistari inateremka,
saba imekuwa moja, nukta zimeota mikia.

Mwezi ule alianza kushika kikombe kwa mikono miwili.
Mfuniko wa matango ya achari akanipa mimi:
fungua, Hami, wewe una mkono wa bahati.
Nikacheka, nikafungua.
Kifungo cha shingo akaniachia nifunge,
nami nikadhani mahaba.
Na usiku alikuwa huku, peke yake,
ameushika wenzo ambao hata mtoto angeukandamiza,
anausukuma mpaka uwezo wake unapokoma,
akidhani hapo ndipo chini.
Au akijua sipo.

Nilizivunja zote za Agosti, thelathini na moja.
Risasi kwenye bakuli, baruti kwenye kopo.
Hapana, thelathini. Moja iko dirishani jikoni,
na lori la maziwa likipita hutikisika.

Walter alirudi jioni.
Umepata?
Nimepata.
Ni nini?
Kwetu mume husitiriwa, na marehemu zaidi.
Nilikuwa na kalamu yake mkononi. Kwenye safu ya mwisho
nikaandika *baridi*,
nikamwambia, baridi.

Walter akautazama wenzo,
na ule utepe mweusi aliouzungushia mpini usiteleze.
Akavaa glavu, moja, kisha ya pili.
Ndiyo, akasema. Mwaka ule baridi iliwahi.
Tangu Agosti.